Mama Marobota Anunua Intaneti

Siku ya kwanza Kasi alipogonga lile geti, hakufunguliwa. Sauti ya mwanamke iliuliza kwa ndani, "Nani?" naye akajibu kama alivyozoea kujibu kila mahali: "Mtu wa intaneti, mama. Faiba ya uhakika, inakwenda mbio kuliko—"

"Kizuri chajiuza," sauti ikamkata. "Kibaya ndicho kinachojitembeza."

Kasi alicheka kimyakimya. Alikwisha tukanwa kwenye mageti mengi, lakini watu hutukana ili uondoke, au wao waondoke. Huyu alitukana, kisha akasimama palepale; vivuli vya miguu yake vilionekana chini ya geti. Anayekutukana akabaki ana haja. Kasi alijifunza hilo zamani, alipokuwa akiuza vocha za simu katikati ya foleni za magari, kabla hajavaa shati la kampuni lenye neno KASI mgongoni, neno lililolimeza jina lake la kuzaliwa. Basi naye akanyamaza. Akaegemea ukuta, akatoa karanga mfukoni, akaanza kutafuna.

"Umeondoka?"

"Bado, mama."

"Unangoja nini?"

"Nangoja uniulize bei."

"Bei siulizi. Nani mwingine anauza kitu kama hicho chako?"

Hapo karanga ilimkwama kidogo. Wateja huuliza bei, huuliza kama mvua ikinyesha inakatika, huuliza kama watoto wataangalia katuni. Hakuna aliyewahi kumwomba majina ya washindani wake. Lakini mtu ukimficha mteja anachoweza kukiona barabarani, unapoteza mteja na heshima. Akamtajia: wako wanaouza viboksi vya laini ya simu, yuko fundi wa madishi pale karibu na kituo cha mafuta.

"Njoo Jumamosi, baada ya chakula cha mchana," sauti ikasema. "Na ule huko huko kwenu. Hapa ni chai tu."

Mtaani hawakuhitaji kuulizwa mara mbili kuhusu Mama Marobota. Alianza na soksi. Wenzake wakifungua robota la mitumba, walizitupa soksi zisizo na jozi. Yeye alizikusanya, akazioanisha rangi kwa rangi, urefu kwa urefu, akawauzia walinzi na waashi wanaovaa mabuti. "Ndani ya buti nani atajua?" alikuwa akiwaambia. Kutoka soksi akaenda mashati, kutoka mashati akaanza kununua marobota mazima, na kutoka marobota akajenga nyumba ya mawe yenye ghorofa moja, chumba kwa chumba, kwa miaka mingi. Hakuna mtu mtaa ule ambaye hakuwahi kuvaa nguo iliyopita mikononi mwake. Aliishi humo na mwanawe, fundi wa majokofu, na mkewe huyo mwana, na mjukuu mmoja wa kike aliyekuwa ndiyo kwanza anang'oka meno ya mbele.

Jumamosi Kasi alifika na chati zake, viatu vimepigwa rangi. Akakuta sebuleni wameketi watu wawili anaowafahamu vizuri mno: dada wa viboksi, miwani ya jua juu ya nywele, na fundi wa madishi, mzee mpole mwenye mikono mikubwa. Wote watatu walitazamana kama wachumba waliokutana mlangoni kwa msichana mmoja.

"Mama," alisema dada wa viboksi, akisimama, "mimi sikuambiwa kuna wengine."

"Ungeambiwa ungekuja?"

"Nisingekuja."

"Basi kaa, chai inapoa."

Mama Marobota alikuwa mwanamke mfupi, mnene wa mabega, aliyezoea kubeba. Alikaa kwenye kiti cha mbao kisicho na mto, akawaeleza utaratibu. "Kwenye biashara yangu robota halifunguliwi kabla hujalinunua. Limekazwa kwa mikanda, huoni ndani. Muuzaji atakuambia humo mna makoti matupu. Sasa utajuaje? Humwulizi yeye. Unamwuliza jirani yake wa meza ya pili. Yeye ndiye anayejua nani analetewa matambara. Kwa hiyo leo hapa hakuna kujisifu. Sifa zenu mmezibandika kwenye mashati. Kila mmoja ataniambia kasoro za mwenzake."

Kabla hawajaanza, mlango wa ndani ukafunguka na mkwe akaingia. Mtaani alijulikana kama Mwalimu. Alifundisha lugha watu wa nchi za mbali, yeye akiwa chumbani na wao wakiwa makwao, kwa simu ya video. Alisalimia wote kwa adabu, kisha akasema lililokuwa la kusemwa.

"Mama hapendi niseme mbele ya wageni, lakini nyie ndio wenye dawa, si vyema kumficha mganga ugonjwa. Intaneti tuliyo nayo inakuja kwa ule waya wa zamani wa simu ya mezani. Wanafunzi wangu wananiona nimeganda, mdomo wazi kama samaki. Shule imenionya. Muhula ujao nikikatika tena, madarasa anapewa mwingine. Nimepata nyumba ya kupanga upande wa pili wa mji, faiba iko tayari ukutani. Mwenye nyumba anangoja jibu. Tukihama tunahama wote, mimi na mume wangu na mtoto."

Mama Marobota aligeuza kikombe chake, mkono wa kikombe ukaangalia upande wa pili, kisha akaurudisha ulipokuwa. Kasi aliliona hilo akalihifadhi. Mteja akishaonyesha anachoogopa kupoteza, nusu ya biashara imekwisha. Iliyobaki ni nani atafaidi.

"Haya," Mama akasema. "Dada, anza. Faiba."

"Faiba ni tamu," akasema dada wa viboksi, akivuta kiti, "mpaka siku watu wa maji watakapochimba mtaro. Sepetu moja tu, mtaa mzima kimya. Halafu unampigia fundi wao, anakwambia yuko njiani. Hiyo njia yake sijui inapitia wapi!"

Kasi akatabasamu kwa meno. "Kiboksi cha dada ni kizuri asubuhi. Unachomeka tu, kinafanya kazi, huhitaji fundi. Lakini kinagawana mnara na kila simu ya mtaa. Jioni watu wakirudi, huyu anaangalia mpira, yule anaangalia tamthilia, basi ni ndoo ishirini kwenye bomba moja. Na hizi kuta zako za mawe, mama, hazipitishi hata umbea."

"Na lile bando lao wanaloita halina mwisho," fundi wa madishi akaongeza kwa upole, "lina mwisho. Ukifika hapo hawakukatii, wanakufunga mawe miguuni."

"Mzee, wewe nawe!" dada akaruka. "Dishi lako linataka mbingu yote peke yake. Ghorofa la jirani likiziba kipande, limenuna. Mvua kubwa ikija, limenuna. Umeme ukizimika, limelala."

"Na vyombo vyake," Kasi akasema, "ukivinunua ndiyo umejua ugumu wa maisha."

"Shambani mnanipigia nyinyi wenyewe," mzee akajibu bila hasira. "Huko kusiko na nguzo wala mnara, nani mwingine atawafikia? Lakini mama hakai shambani. Nakubali."

Mwalimu aliuliza, "Na huu waya wetu wa simu?"

Wote watatu wakacheka pamoja. Ndiyo mara ya kwanza walikubaliana jambo. Kasi akamweleza kwamba ule waya uliwekwa kupitisha sauti za watu wakijuliana hali, si picha. Kadiri nyumba ilivyo mbali na kituo cha simu ndivyo inavyodhoofika njiani. "Tena kinachoshuka kwako kinapita kwenye bomba. Kinachopanda kutoka kwako kinapita kwenye mrija wa soda."

Mwalimu aliweka mikono kiunoni. "Kumbe! Mimi kazi yangu ni kupandisha. Mimi sitazami, mimi natazamwa. Mbona makaratasi yenu yote matatu yameandika kushusha tu?"

Dada wa viboksi alikiri kwamba chake hupandisha kidogo kuliko kinavyoshusha. Mzee akasema dishi ni hivyo hivyo. Kasi aliyesubiri hapo tangu aingie akasema faiba yake hupanda na kushuka sawa kwa sawa, na akaona uso wa Mwalimu ukilegea.

Angedhani kazi imekwisha. Lakini Mama Marobota aliinua kidole.

"Mmesemana vizuri. Sasa naomba kila mmoja ajiseme mwenyewe. Kasoro moja ambayo wenzake hawaijui. Atakayetoa kubwa kuliko wote, huyo ndiye nitakayenunua kwake."

"Mama, huo ni mnada gani?" dada akauliza.

"Mnada wangu. Robota baya likijulikana ubaya wake lina bei. Lisilojulikana ndilo linalofilisi."

Fundi wa madishi akasema kifaa chake kikiharibika, vipuri huagizwa mbali na huchelewa. Mama akatikisa kichwa: ndogo. Dada wa viboksi akavua miwani kichwani, akaifuta, akasema, "Tumeuza viboksi vingi kuliko huo mnara unavyoweza kubeba. Mtaa wa nyuma nimeuza mimi mwenyewe, mlango kwa mlango."

"Hiyo imekaribia," Mama akasema. "Kaka Kasi?"

Kasi alitazama dirishani. Tangu amefika, watu watano walikuwa wamepita nje, na wote watano walipaza sauti kumsalimu Mama Marobota, mmoja akaomba ushauri wa sare ya shule kupitia nondo za dirisha. Kasi alikuwa anazihesabu zile salamu kama mtu anayehesabu magunia ghalani kwa mwenzake. Akaamua.

"Faiba haijafika mtaa huu."

Hata mzee aliacha kunywa chai.

"Nguzo yetu ya mwisho iko kona ya duka la dawa. Kampuni haivuti waya kwa ajili ya nyumba moja, wanataka kumi. Mimi ninazo mbili. Na zikitimia kumi, sijui kama watawahi muhula."

"Sasa mchana kutwa umekaa hapa unauza nini?" Mwalimu akang'aka.

"Nauza kisichokuwepo, Mwalimu."

Mama Marobota alicheka hadi kiti kikalalamika. "Umeshinda! Na usidhani sijui kwa nini umesema. Unataka nikubebee mtaa."

"Mama, mimi nimesema kweli tu."

"Umesema kweli kwa faida. Ndiyo ninayoiamini mimi."

Lakini Mwalimu hakucheka. "Mama, ahadi haifundishi. Nikikaa hapa waya usije, sina kazi na ile nyumba imekwisha chukuliwa na mwingine."

Kasi aliona biashara ikiondoka na masanduku yake, akafanya jambo lililomuuma: akamsifia mshindani. Kiboksi, alisema, kinaweza kuvusha kipindi hicho kikiwekwa juu, kwenye dirisha linaloutazama mnara, Mwalimu akafundishia humo humo. Asubuhi hakina tabu.

"Dirisha hilo ni la chumba changu," Mama akasema.

"Ndilo hilo hilo, mama."

Chumba kile ndicho alichojijengea mwisho, baada ya kuwajengea wote. Kina upepo, kina roshani. Mama Marobota alimtazama mkwewe, mkwe akatazama sakafu, na pale pale, kwa watu wanaojua kutazama, mapatano yakafanyika. Yaliyobaki yalikuwa maneno. Dada wa viboksi akakubali kuazimisha kiboksi kimoja kwa majaribio. Mwalimu akakubali kumwomba mwenye nyumba amvumilie hadi wiki ya pili ya muhula. Mama Marobota akaahidi nyumba kumi.

"Lakini yangu mimi," akamwambia Kasi, "utaniunganishia bure. Na waya ukichelewa, kumi wote tunaondoka siku moja."

"Bure haitoki kwa kampuni, mama, itatoka kwenye kamisheni yangu. Tufanye nusu."

"Nusu? Huo waya nusu utaishia wapi, getini?"

Kasi akakubali. Mzee wa madishi alimaliza chai yake, akashukuru, akaenda zake mikono mitupu.

Wiki iliyofuata Kasi alizunguka mtaa mzima nyuma ya Mama Marobota, na kila geti lilikuwa mateso. Yule mama alikuwa anaanza na ubaya. "Mtaro ukichimbwa itakatika. Fundi wao mzembe. Mvua haiisumbui, na mtoto akisoma huku baba anaangalia mpira hawagombani. Unataka, hutaki?" Kwa muuguzi mstaafu, aliyekwisha shika kalamu ya kujiandikisha, Mama alimnyang'anya kalamu. "Wewe unasoma ujumbe wa wajukuu tu. Bando la simu yako linakutosha. Weka pesa yako."

Kasi alitaka kulia. "Mama, umenikosesha mteja!"

"Subiri."

Fundi seremala wa nyumba ya pili alikuwa ukutani anasikiliza. "Kama amemkatalia yule," akasema, "basi anayoniambia mimi ni kweli." Akajiandikisha, na shemeji yake wa nyumba ya pembeni pia. Kumi zikatimia kabla ya wiki kwisha. Kasi alipeleka orodha ofisini akiwa na furaha na wivu kidogo. Miaka yote ile alikuwa amewasifia watu bidhaa hadi sauti ikakauka.

Halafu kampuni ikafanya kama kampuni. Nguzo zinangojwa. Gari la mafundi liko upande mwingine. Meneja yuko kikaoni. Muhula ukafunguliwa. Mwalimu alihamishia meza yake chumba cha juu, kiboksi dirishani, na asubuhi wanafunzi walimwona akicheka, akiandika, akisahihisha, bila kuganda. Mama Marobota aliweka godoro chini, kwenye ghala la mitumba, kati ya marobota mawili. Siku tatu mambo yakaenda. Jioni ya nne palikuwa na mechi kubwa. Mtaa wote na mtaa wa nyuma wakafungua simu zao kwa pamoja, mnara ukaelemewa, na Mwalimu akaganda mdomo wazi mbele ya darasa lake la jioni. Asubuhi shule ikamwandikia: darasa lile amepewa mwingine, ya asubuhi yanaangaliwa.

Mama Marobota alimpigia Kasi. Hakusalimia. "Anapanga vitabu kwenye masanduku. Bosi wako anafika ofisini saa ngapi?"

"Mama, niachie mimi nita—"

"Haraka haraka haina baraka, na wewe ndiyo jina lako. Saa ngapi?"

Alikuja na seremala, na shemeji yake, na wengine, wamevaa nguo zao za kutokea, zote za kutoka marobota yake. Hawakupiga kelele. Walikaa kwenye viti vya kungojea vya ofisi ya kampuni, vyote, na kila mteja mpya aliyeingia kuulizia faiba, Mama Marobota alimsogezea nafasi, akamwuliza kwa wema, "Mwanangu, kasoro zake umeambiwa?" Kisha akamwambia. Wawili wakatoka bila kujiandikisha. Watatu wakaomba muda wa kufikiri. Kasi alisimama nyuma ya kaunta akijifanya anatafuta kitu kwenye droo.

Meneja alitoka kwenye kikao ambacho kumbe kilikuwa na mtu mmoja. "Mama, shida ni nini hasa?"

"Sina shida. Nasaidia wateja wako."

"Nani amewaleta hawa hapa?" meneja akamwuliza Kasi.

"Ni wateja wangu, bosi," Kasi akasema. "Kumi. Wakitoka hapa bila tarehe, wanatoka kabisa."

Gari la mafundi lilipatikana. Kesho yake mtaa uliamka na watu wenye helmeti juu ya ngazi, wakivuta waya mweusi kutoka kona ya duka la dawa, nguzo kwa nguzo. Watu walitoka kuutazama. "Hiki ndicho?" mjukuu akauliza fundi alipomenya waya na kubaki na uzi wa kioo mwembamba kama unywele. "Bibi, hiki kitakatika!"

"Kitakatika," bibi akasema. "Lakini si leo."

Fundi aliingia ndani akauliza ruta ikae wapi. Mama Marobota alifungua mdomo, akawa ameshachelewa.

"Juu," Mwalimu akasema. "Meza yangu iko juu."

Kasi alipanda kufanya majaribio. Kupanda na kushuka, sawa kwa sawa, kama alivyoahidi. Mwalimu alipiga simu mbele yake kumwambia yule mwenye nyumba ya kupanga asiendelee kumngoja, kisha akafungua masanduku, akaanza kurudisha vitabu kwenye rafu ya mama mkwe.

Darasa la jioni halikurudi. Shule haikumnyang'anya yule mwingine. Dada wa viboksi alikuja kuchukua kiboksi chake, akaambiwa kitanunuliwa, cha akiba kwa siku ya mtaro, kwa bei ambayo aliondoka akiilalamikia hadi barabarani. Kasi alilipwa kamisheni ya nyumba tisa. Ya kumi ilikwenda kwenye kuunganisha. Meneja hakumsamehe yale ya viti vya kungojea, akamhamishia eneo la viwandani ambako hakuna mageti ya kugonga, kuna walinzi tu. Hakubishana. Alikuwa amejifunza namna mpya ya kuuza, ingawa aliiona inachosha.

Siku ya mwisho mtaani alipita kuaga. Mama Marobota alikuwa ghalani, amepanga marobota yakawa ukuta, kitanda chake nyuma yake, na dirisha dogo linaloangalia choo cha nje. Juu yao Mwalimu alisikika akiwafundisha watu wa mbali kuhesabu, na mtoto akihesabu pamoja nao.

"Chumba hurudishiwi?" Kasi akauliza.

"Nimekiuliza bei," Mama akasema. "Bei yake ni wao wahame." Akavuta mkanda wa robota akaukaza. "Basi nimeacha. Wamebaki wote kwa bei ya chumba kimoja; nimepata."